Mtoto na joto kwenye kiwanja cha gofu cha jangwani

Kama mnaishi Phoenix, Arizona, na mtoto wako anataka kucheza gofu miezi ya joto, panga kwanza saa. Mwaka 2023 joto la mchana mjini humo lilifika nyuzi 43 au zaidi kwa siku 31 mfululizo. Mashimo 18 huchukua saa nne hivi. Kwa mtoto, tisa yanatosha. Anzeni jua linapochomoza.

Mpe maji kila baada ya dakika 15 hadi 20, hata kabla hajasema ana kiu. Kukaa ndani ya kigari hakumkingi, kwani hewa chini ya paa lake ni ileile ya moto. Avae kofia pana na nguo nyepesi za mikono mirefu.

Akilalamika kichwa, kichefuchefu au misuli kukaza, acheni mchezo. Mpeleke penye kiyoyozi, anywe maji kidogo kidogo. Akichanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni dharura: piga 911, kisha mmwagie maji baridi na kumpepea mkisubiri. Usimnyweshe chochote akiwa hana fahamu.

Mpira ukiingia kwenye vichaka na mipungate, msiufuate. Nyoka wenye njuga mkiani hupumzika kwenye vivuli hivyo.