Kiungo cha Nani? Haipateksti ya Awali na Dai la Uhuru wa Msomaji

Katika kitabu chake cha 1992 kuhusu haipateksti, yaani matini zilizounganishwa kwa viungo vya kompyuta, George Landow, mhakiki wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, alidai kuwa teknolojia hiyo inathibitisha kwa vitendo nadharia za wanafikra wa Kifaransa Roland Barthes na Jacques Derrida: mamlaka ya mwandishi yanapungua na msomaji anakuwa mtunzi mwenza. Dai hilo limerudiwa na wahakiki mpaka likazoeleka kama kanuni. Makala hii inalipinga. Haipateksti ya miongo ya mwanzo ilikuwa na matumizi mengi yaliyokinzana, na uhuru wa msomaji ulitegemea jambo ambalo nadharia hizo hazikulishughulikia: nani aliruhusiwa kuweka kiungo, na kiungo hicho kilihifadhiwa wapi.

Kuhusu chimbuko hakuna ubishi. Vannevar Bush alieleza memex, mashine yake ya kuhifadhi na kuunganisha nyaraka, mwaka 1945. Ted Nelson alilitangaza jina la haipateksti mwaka 1965. Douglas Engelbart alionyesha mfumo wake hadharani San Francisco mwaka 1968. Ubishi uko kwenye makusudio yao. Bush alimfikiria mtafiti anayejichongea njia kati ya nyaraka. Engelbart, kikundi cha wataalamu wanaotatua tatizo pamoja. Nelson, mwasisi wa jina lenyewe, alitaka kila nukuu ibaki imeungana na chanzo chake na mwandishi wake alipwe. Huko ni kumwimarisha mwandishi. Miaka ya 1980, mfumo wa haipateksti wa ZOG wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ulifungwa kwenye manowari ya USS Carl Vinson kwa ajili ya kanuni za uendeshaji na mafunzo ya matengenezo. Sioni ni vipi baharia anayefuata hatua za matengenezo aitwe mtunzi mwenza.

Ushahidi mzito zaidi unatoka darasani kwa Landow mwenyewe. Mfumo wa Intermedia, ulioundwa Brown kuanzia 1985 na kutumika katika kozi yake ya fasihi ya Kiingereza, haukuviweka viungo ndani ya matini. Viliwekwa katika hifadhidata ya pembeni, kwa mafungu, hivyo matini zilezile ziliweza kufunguliwa kwa fungu hili la viungo au lile. Aidha, ruhusa zilitenganishwa: kusoma, kufafanua, na kuhariri. Mwanafunzi mwenye ruhusa ya kufafanua aliweza kuunganisha shairi na maelezo yake bila kugusa hata herufi moja ya shairi hilo. Huo ndio uhuru aliouona Landow, na ulikuwa wa kweli. Lakini ulitokana na uamuzi wa wasanifu wa mfumo na wa mwalimu aliyegawa ruhusa. Ondoa hifadhidata hiyo na ruhusa hizo, haipateksti itabaki, uhuru utatoweka.

Watetezi wa Landow watajibu kwamba kuchagua njia ya kusoma kunatosha kumfanya msomaji mtunzi. Hadithi ya Michael Joyce, *afternoon, a story*, iliyoonyeshwa mwaka 1987, inaonyesha vingine. Humo maneno yenye viungo hayakutiwa alama, na baadhi ya njia hazifunguki mpaka msomaji awe amepitia sehemu fulani. Msomaji anachagua, ila mwandishi amekwisha kupanga kila mlango na masharti ya kuufungua. Mamlaka yake yameongezeka.

Wavuti wa Tim Berners-Lee, uliopendekezwa katika maabara ya fizikia ya CERN mwaka 1989, ulikirudisha kiungo ndani ya ukurasa, mikononi mwa mwenye ukurasa. Chaguo hilo lilirahisisha kuenea kwake duniani kote, na huenda bila hilo usingeenea. Hata hivyo, lilimnyima msomaji wa kawaida uwezo aliokuwa nao mwanafunzi wa Intermedia. Kwa hiyo nadharia yoyote ya usomaji wa kidijitali isiyoanza na historia ya ruhusa inaeleza matumaini ya mhakiki, na haijamfikia msomaji.