Siti inayoshuka: miaka 40 ya springi, mafuta na hewa

Wasee wakinunua baiskeli ya mlima, cha kwanza wanaongelea ni shoki za mbele, halafu gia, halafu rangi. Siti inakuja mwisho kabisa. Mimi nasema siti ndiyo inaamua kama utarudi nyumbani na meno yako yote. Kwa hivyo leo ni dropa, ile nguzo ya siti ambayo unabonyeza kidude kwenye usukani, unaikalia inashuka, unabonyeza tena inapanda yenyewe. Swali la kila mtu ni moja: gani haiharibiki? Kabla ya kutaja yoyote, ni vizuri ujue zilivyoharibika tangu mwanzo, kwa sababu dropa za leo zimejengwa juu ya makosa ya zile za jana.

Kwanza, kwa nini uitake. Ukiwa tambarare au ukipanda mlima unataka siti iwe juu, ndio mguu ukishuka na pedali ukaribie kunyooka. La sivyo magoti yatalia. Lakini ukianza kuteremka kwenye mawe na mizizi, siti hiyohiyo inakuwa adui. Unataka kurudisha makalio nyuma na chini, yenyewe imekuzuia. Uzito wako unabaki mbele, gurudumu likigonga kitu unarushwa juu ya usukani. Dawa ya zamani ilikuwa kusimama, kulegeza, kuteremsha, kukaza, kushuka, halafu kusimama tena huko chini uipandishe. Njia ikiwa na mabonde kumi, nani ana hiyo subira?

Hadithi inaanzia Marin County, California, kaskazini mwa San Francisco. Mwaka 1976 vijana fulani walianza kushindana kushuka barabara moja ya vumbi karibu na mji wa Fairfax. Baiskeli zao zilikuwa Schwinn nzito za miaka ya 30 na 40, breki ni ile ya kukanyaga pedali kinyume. Fikiria Black Mamba ikipelekwa mbio kwenye korongo. Breki ilipata moto mpaka grisi ndani ya habu inageuka moshi, ukifika chini lazima uifungue uijaze upya. Ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack. Kina Joe Breeze, Charlie Kelly na Gary Fisher walitoka hapo, na Breeze mwaka 1977 akaunda fremu ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya mlima.

Mwaka 1984 huyohuyo Breeze na mwenzake Josh Angell wakatoa Hite-Rite. Manze, hii kitu ilikuwa rahisi mpaka inachekesha. Ilikuwa springi ya waya, upande mmoja umeshika nguzo ya siti, upande mwingine umeshika fremu. Ukifika kwenye mteremko unafungua kile kishikio cha siti ukiwa bado unaendesha, unaikandamiza kwa makalio, unafunga. Ukimaliza unafungua tena, springi inairudisha juu, na siti inabaki imeangalia mbele. Hakuna mafuta wala hewa ndani yake. Kitu pekee cha kuharibika ni springi yenyewe, na unaiona kwa macho.

Halafu ikasahaulika. Mbio za miaka ya 90 zilikuwa za kupunguza uzito, kila gramu inahesabiwa, siti juu kama ya baiskeli ya lami. Mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki kule Atlanta, na kwa waliokuwa wakishindana siku hizo, springi ya kushusha siti ilikuwa mzigo tu. Kwa maoni yangu hapo walipoteza miaka mingi bure.

Wazo lilirudi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kampuni ndogo ya jimbo la Montana iliyoitwa Gravity Dropper. Yao ilikuwa na springi na pini inayoingia kwenye matundu, na waya unaovutwa kutoka kwenye usukani. Ilikuwa mbaya wa sura, imevaa mpira wenye mikunjo kama kinanda cha akodiani. Lakini ungeweza kuifungua mwenyewe mezani. Shida yake ni kwamba inasimama mahali pa matundu tu. Katikati hakuna.

Watu walitaka hapo katikati, na hapo ndipo mafuta na hewa vikaingia. Ndani ya dropa nyingi za kisasa kuna hewa iliyoshindiliwa inayosukuma siti juu, na mafuta yanayoifunga popote unapoiachia. Mafuta hayabanwi yakapungua, hewa inabanwa. Kati yake kuna sili za mpira. Sili ikichoka, hewa inapenyeza kwenye mafuta, na siku moja ukikalia siti inazama sentimita moja, mbili, halafu inadunda kama godoro la lojing'i. Huo ndio ugonjwa mkuu wa dropa. Mwaka 2010 RockShox walitoa Reverb, ambayo iliwafanya watu wengi waamini hii teknolojia. Lakini hata kidude chake cha usukani kilitumia mafuta badala ya waya. Kwa hivyo ulikuwa na sehemu mbili za kutoa hewa, na bila sindano zake na mafuta yake fundi wa mtaa anakuangalia tu.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya Crankbrothers. Mwaka 2012 walitoa Kronolog, iliyoshika nguzo kwa vibao vya chuma. Vibao vikawa vinakula nguzo yenyewe, na jina lao likachafuka vibaya. Mwaka 2016 wakarudi na Highline: waya wa kawaida, katriji iliyozibwa ambayo ikifa unatoa unaweka nyingine, na waranti ya miaka kadhaa. Hawakujaribu tena kuwa wajanja. Wajerumani wa BikeYoke nao walipita njia nyingine na Revive yao. Walikubali kwamba hewa itaingia kwenye mafuta, wakaweka valvu juu karibu na siti. Unaingiza alenki, unazungusha, unakandamiza siti polepole, unafunga. Imepona, bila kwenda kwa fundi. RockShox wenyewe baadaye waliweka valvu ya kazi hiyohiyo kwenye Reverb mpya.

Na kama bado unadhani hii ni ya watu wa matope tu, Machi 2022 Matej Mohorič wa Slovenia alishinda Milano–San Remo, mbio za lami za karibu kilomita 293, akiwa na dropa. Alishuka kilima cha Poggio kama mwehu, karibu aingie mtaroni, na hakuna aliyemfikia. Mwaka mmoja kabla, UCI walikuwa wamepiga marufuku kukalia bomba la fremu wakati wa kushuka. Mohorič alikalia siti yake kihalali kabisa, ila ilikuwa chini.

Sasa turudi Nairobi. Mimi ningechagua ya waya na ya katriji, kwisha. Waya wa gia unaupata kwa fundi yeyote, na katriji inabadilishwa bila mashine. Zile zisizo na waya, zinazotumia betri, ni tamu kweli, lakini ikizima katikati ya Karura utapanda ile milima na siti iko magotini. Vumbi letu nalo ni sandipepa kwa sili, kwa hivyo pangusa nguzo kila ukirudi.

Pima kabla ya kulipa. Kipenyo cha nguzo kimeandikwa kwenye ile uliyo nayo: 27.2, 30.9, 31.6 au 34.9 milimita, na tofauti ya nusu milimita inatosha kukataa kuingia. Baiskeli nyingi za mitumba hazina tundu la kupitisha waya ndani ya fremu, kwa hivyo uliza ile ambayo waya wake unapita nje. Ukifunga, usikaze kishikio cha siti kama unakaza gurudumu la lori. Ukikibana sana nguzo inakwama, halafu utasema dropa ni mbovu.

Ukinunua ya mkono wa pili, ishushe nusu, achia kidude, kisha ikalie na uzito wako wote. Ikizama, jua sili zimeenda. Tikisa siti kushoto na kulia: kucheza kidogo ni kawaida, kucheza sana hapana. Pitisha kucha kwenye nguzo ukitafuta mikwaruzo, kwa sababu mkwaruzo mmoja unaokata sili utairarua kila ikishuka. Muulize anayeuza katriji yake ni ipi na inapatikana wapi. Akianza kukuambia vile inang'aa, mrudishie baiskeli yake.