Walipigana vita pamoja, wakageuka mahasimu: Vita Baridi ilivyotoka Berlin hadi Zanzibar na mashamba ya pamba

Tarehe 25 Aprili 1945, askari wa Marekani na wa Urusi ya Kisovieti walikutana mtoni Elbe, karibu na mji wa Torgau, Ujerumani. Walipeana mikono na kupiga picha pamoja. Ujerumani ya Hitler ilikuwa imebakiza siku chache tu.

Miaka 19 na siku moja baadaye, tarehe 26 Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Wakati huo Washington na Moscow zilikuwa zimeshakuwa maadui wakubwa, kila moja ikiangalia Zanzibar kwa wasiwasi isije ikaangukia upande wa mwenzake.

Ilikuwaje marafiki wa vitani wakafika huko? Na kwa nini ugomvi wao uliigusa nchi ambayo haikuwa na bomu hata moja la atomiki?

Urafiki uliojengwa na adui mmoja

Marekani na Urusi hazikuwahi kupendana sana. Tangu mapinduzi ya 1917, Urusi ilifuata ukomunisti: viwanda, ardhi na benki ni mali ya dola, na chama ni kimoja. Marekani ilifuata ubepari: mali ni ya watu binafsi, soko huru, vyama vinashindana. Marekani haikuitambua hata serikali ya Kisovieti hadi mwaka 1933.

Kilichowaunganisha ni Hitler. Tarehe 22 Juni 1941 Ujerumani iliivamia Urusi. Desemba mwaka huohuo Japani ikaishambulia Marekani huko Pearl Harbor, na siku chache baadaye Hitler naye akatangaza vita na Marekani. Uingereza ilikuwa vitani tangu 1939. Basi adui akawa mmoja, wakashikana.

Msaada haukuwa wa maneno tu. Marekani iliipelekea Urusi chakula, mafuta, ndege na magari ya kijeshi yapatayo 400,000. Urusi nayo ilibeba mzigo mzito zaidi wa damu: raia na askari wake wapatao milioni 27 walikufa. Marekani ilipoteza watu wapatao 400,000.

Tofauti hiyo ya vifo ndiyo mzizi wa mengi yaliyofuata. Stalin aliwaomba wenzake mapema wafungue uwanja wa pili wa vita magharibi mwa Ulaya ili jeshi lake lipumue. Walifanya hivyo Juni 1944, walipotua Normandy. Moscow ikabaki na kinyongo: hawa jamaa wametuacha tufe peke yetu.

Watanganyika nao walikuwemo

Hii haikuwa vita ya Wazungu peke yao. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na maelfu ya vijana wake waliingizwa jeshini, wengi katika kikosi cha King's African Rifles, yaani KAR. Walipigana Uhabeshi, wakaenda Madagaska mwaka 1942, kisha wakapelekwa Burma kupambana na Wajapani.

Waliobaki nyumbani walifanya kazi za kulisha vita. Japani ilipoyateka maeneo ya Asia yaliyokuwa yakitoa nyuzi za kamba, mkonge wa Tanganyika ukawa lulu. Kwa hiyo watu wa hapa walikuwa washirika wa ushindi ule, ingawa hakuna aliyewaita mezani ulipogawanywa.

Ndoa ilivyovunjika, hatua kwa hatua

Februari 1945, Yalta: Roosevelt, Churchill na Stalin walikubaliana kuigawa Ujerumani katika kanda za uangalizi. Stalin aliahidi uchaguzi huru nchini Poland. Aprili Roosevelt akafariki, nafasi yake ikachukuliwa na Harry Truman, ambaye hakuwa na imani kubwa na Stalin.

Agosti 1945: Marekani iliangusha mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki. Vita na Japani ikaisha. Lakini Moscow ilisoma ujumbe mwingine: mwenzetu ana silaha ambayo sisi hatuna.

1946 hadi 1947: Uchaguzi huru ulioahidiwa Poland haukuwa huru. Serikali za kikomunisti zikasimikwa moja baada ya nyingine Ulaya Mashariki. Machi 1946 Churchill, akiwa Fulton nchini Marekani, alisema pazia la chuma limeshuka katikati ya Ulaya. Machi 1947 Truman akatangaza kwamba Marekani itazisaidia nchi zinazotishiwa na ukomunisti, akianza na Ugiriki na Uturuki.

Hapa kuna jambo la kuelewa. Kila upande ulijiona unajilinda. Urusi ilikuwa imevamiwa kutoka magharibi mara mbili ndani ya miaka 30, hivyo ilitaka nchi jirani zilizo chini yake kama ukuta. Marekani iliona ukuta huo kama mwanzo wa kuimeza Ulaya nzima. Kadiri mmoja alivyojikinga, ndivyo mwingine alivyozidi kuogopa.

1948 hadi 1949: Marekani ilianza kumwaga dola zipatazo bilioni 13 kuijenga upya Ulaya Magharibi kupitia Mpango wa Marshall. Stalin alizikataza nchi zilizo chini yake kupokea. Juni 1948 akafunga njia zote za nchi kavu za kuingilia Berlin Magharibi. Wamarekani na Waingereza wakapeleka chakula na makaa ya mawe kwa ndege kwa karibu mwaka mzima.

Mwaka 1949 mambo yakakamilika. Aprili, umoja wa kijeshi wa NATO ukaundwa. Agosti, Urusi ikalipua bomu lake la kwanza la atomiki. Ujerumani ikawa nchi mbili: Magharibi ya kibepari na Mashariki ya kikomunisti. Mwaka 1955 Urusi na wenzake wakaunda Mkataba wa Warszawa.

Na Uingereza? Ilishinda vita lakini ilitoka mifuko mitupu. Tanganyika ilishuhudia. Mwaka 1947 London ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula kwao. Hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Ardhi na mvua vikagoma, na mradi ukafutwa mwaka 1951 baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30. Dunia ikabaki na mafahari wawili tu.

Mafahari wafika Zanzibar

Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakauangusha utawala wa Sultani, na Sheikh Abeid Amani Karume akashika uongozi.

Nchi za kikomunisti ziliitambua serikali mpya haraka. Marekani na Uingereza zikasita hadi mwishoni mwa Februari. Kuchelewa huko kuliwagharimu: waliowahi kubisha hodi ndio waliopewa kiti.

Marekani ilikuwa na sababu ya ziada ya kuwa na hofu. Huko Tunguu, Unguja, ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga, kilichotumika pia John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962. Serikali ya Mapinduzi ikataka kiondoke, na kikaondolewa mwaka huohuo wa 1964.

Ujerumani Mashariki, ambayo nchi nyingi duniani zilikuwa zinaikwepa, ikapata ubalozi Zanzibar. Nayo ikaleta wataalamu na misaada. Majengo ya ghorofa ya Kikwajuni, Kilimani na baadaye Michenzani ni alama za urafiki huo hadi leo.

Mtihani wa Mwalimu: pokea hela au linda heshima

Muungano ulipofika, tatizo lilihamia Dar es Salaam. Ujerumani Magharibi ilikuwa na sera kali: nchi yoyote inayoitambua Ujerumani Mashariki inahesabiwa kuwa imeikosea Bonn. Na Ujerumani Magharibi ndiyo iliyokuwa ikiisaidia Tanzania kujenga kikosi cha anga.

Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya katikati. Mwaka 1965 ubalozi wa Zanzibar ukafungwa, Ujerumani Mashariki ikaruhusiwa ofisi ya ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Bonn haikuridhika. Ikaondoa wakufunzi wake wa kijeshi, na ikaashiria kwamba misaada mingine nayo iko hatarini.

Jibu la Mwalimu liliwashangaza wengi. Kama msaada unakuja na amri ya nani awe rafiki yetu, basi chukueni na uliobaki. Canada ikaingia kusaidia mafunzo ya jeshi.

Mwaka huohuo, Desemba, Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu London ilishindwa kuuzima uasi wa walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Kwa nchi changa, hiyo si hela ya kuchezea. Ilikuwa ni shule, barabara na zahanati ambazo zilibidi zisubiri.

Wakomunisti nao waligombana

Wengi hudhani ukomunisti ulikuwa kambi moja. Hapana. Urusi na China, zilizotia saini mkataba wa urafiki mwaka 1950, zilifarakana. Mwaka 1960 Moscow iliwaondoa wataalamu wake China, na mwaka 1969 majeshi yao yakapigana mpakani. Yaani yaliyotokea kati ya Marekani na Urusi yakajirudia ndani ya upande mmoja.

Tanzania ilinufaika na mashindano hayo. Benki ya Dunia iliona reli ya kwenda Zambia hailipi. China ikakubali kuijenga kwa mkopo usio na riba, mkataba ukasainiwa Septemba 1967. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Marekani nayo, isitake kuachwa nyuma, ikachangia kujenga barabara ya lami ya kuelekea Zambia.

Reli kwa upande huu, lami kwa upande ule. Hapo ndipo sera ya kutofungamana na upande wowote ilipolipa.

Mkulima wa Zagayu alihusikaje?

Zagayu, kata ambayo zamani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Bariadi na sasa iko Itilima, iko mbali sana na Berlin. Lakini pamba haijui umbali.

Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Viwanda vya namna hiyo vilihitaji pamba, na pamba ya nchi hii kwa sehemu kubwa hulimwa Kanda ya Ziwa.

Swali la mabepari na wakomunisti, kwamba mali iwe ya nani na bei ipangwe na nani, lilifika hadi kwenye mzani wa kununulia pamba. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilichagua ujamaa wa Kitanzania, si wa Moscow. Miaka ya 1970 ikaja Oparesheni Vijiji, watu wakahamishwa kwenda vijiji vipya. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, ununuzi wa pamba ukashikwa na mamlaka ya serikali. Ushirika ukarudishwa miaka ya 1980.

Novemba 1989 Ukuta wa Berlin ukaanguka. Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Fahari mmoja akabaki uwanjani, na uwezo wa nchi ndogo kusema "mkikataa ninyi tutaenda kwa wenzenu" ukapungua. Tayari mwaka 1986 Tanzania ilikuwa imekubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kulegeza uchumi. Mwaka 1992 ikarudisha vyama vingi, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi walikuwa wanashindana na ushirika kununua pamba vijijini.

Cha kuondoka nacho

Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Ni kweli, lakini historia hii inaongeza jambo. Washirika wa vita walitengana kwa sababu kilichowaunganisha kilikuwa adui, si imani. Adui alipokufa, kila mmoja akamtazama mwenzake na kuona hatari.

Leo mataifa makubwa yanashindana tena Afrika: bandari, reli, madini, mitandao ya simu. Kwa nchi isiyo na bomu, swali ni lilelile la mwaka 1965: huu msaada unakuja na sharti gani, na tukiukataa tuna nini mkononi?