Mchemraba

Wanaastronomia huita data zao za spektra mchemraba: mihimili miwili ni ya eneo la anga, wa tatu ni wa urefu wa mawimbi ya mwanga. Mwanafunzi wa hesabu wa Butembo, Kongo, angebisha. Mchemraba una pande sawa. Ule wa chombo MUSE, kilichoanza kazi Chile mwaka 2014, una nukta kama 300 kwa 300, na tabaka zaidi ya 3,000 za rangi. Huo ni mche tu, kama wa sabuni! Data hiyo huhifadhiwa katika faili la FITS, muundo wa tangu 1981, lenye kichwa kinachotaja kila mhimili unapima nini. Bila hicho, anayelipakua hajui 300 ni ya anga au ya rangi.