Nanaa Pori ya Milimani: Historia ya Majina na Suala la Utambuzi

Makala haya yanajadili jinsi mimea ya jamii ya nanaa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki ilivyopewa majina, na athari za majina hayo katika utambuzi wake.

Neno nanaa limetokana na Kiarabu, na pwani lilihusu mmea wa bustanini. Lilipofika milimani, lilikuta mimea yenye majina yake tayari. Nchini Rwanda, kwa mfano, mganga hutambua umuravumba. Wanasayansi waliuita mmea huo Iboza riparia, jina lenye asili ya Kizulu, kisha wakalibadili kuwa Tetradenia riparia. Jina la Kinyarwanda halikuyumba.

Maandishi ya kitaalamu nayo yaligawanyika kwa lugha. Orodha kuu ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, iliandikwa kwa Kiingereza. Juzuu ya jamii ya nanaa ilitoka mwaka 2009. Ile ya Rwanda, chini ya uhariri wa G. Troupin, ilianza kutoka mwaka 1978 kwa Kifaransa. Hivyo, mmea mmoja unaoota pande zote mbili za mpaka unaelezwa kwa lugha mbili ambazo mkulima aghalabu hazisomi.

Pengo hilo lina madhara. Wengi hutambua nanaa kwa shina la pembe nne, majani yanayokabiliana na harufu yanapofikichwa. Sifa hizo zote anazo Lantana camara, mgeni kutoka Amerika ya kitropiki, ambaye majani yake huwadhuru ng'ombe. Kinachotofautisha ni ua na tunda. Ua la nanaa halisi lina ncha nne zinazokaribia kulingana, na tunda lake hugawanyika kuwa vijikokwa vinne vikavu. Lantana huzaa vitunda vyenye nyama, vyeusi vikiiva. Mentha longifolia, aidha, hupenda kingo za vijito, na maua yake hujipanga katika shuke refu.

Kwa mintarafu hiyo, inapendekezwa kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isimamie faharasa inayoweka pamoja jina la wenyeji, la kisayansi na la Kiswahili, pamoja na sifa za ua na tunda. Kuandika “nanaa pori” pekee katika mwongozo wa afya au mifugo ni kumwachia msomaji hatari ambayo mwandishi angeweza kuiondoa.