Limechemsha

Ukipanda Kitonga, katika barabara ya Morogoro kwenda Iringa, huenda ukakuta lori limesimama pembeni, boneti iko wazi, mvuke unafuka. Utingo atakwambia, “Limechemsha.” Wapo wanaosahihisha: maji huchemka, gari halichemshi kitu. Mimi nasimama na utingo. Injini ndiyo iliyoyachemsha maji ya rejeta, na kitenzi chake kinatupeleka moja kwa moja kwa mtendaji, pale pa kuanzia kutafuta ugonjwa.

Maana kuongeza maji na kuondoka hakutibu. Mpira wa maji unavuja? Feni inazunguka? Thamostati imekwama ikiwa imefunga? Pampu inasukuma? Hata mfuniko wa rejeta unaweza kuwa chanzo. Springi yake hushikilia presha, na presha ndiyo inayoyawezesha maji kuvuka nyuzi 100 bila kuchemka. Ikilegea, yanachemka mapema. Kwa sababu hiyohiyo, tafadhali, usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Presha ikitoka ghafla, maji huchemka papo hapo na kukurukia usoni. Zima, subiri ipoe kabisa.

Halafu chomoa kijiti cha oili. Ukiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia humo, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi ndiyo imeungua. Hapo usiwashe tena. Gari livutwe hadi gereji.