Ada za Majarida ya Sayansi na Ugomvi Ulioanza Mwaka 1999

Mwezi Julai 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zijulikanazo kwa kifupi kama NIH, zilitangaza nia ya kuweka ukomo wa fedha za ruzuku zinazotumika kulipia uchapishaji wa makala za utafiti, na tangazo hilo likafufua mabishano yaliyowahi kuwaka katika ofisi hizo hizo zaidi ya robo karne iliyopita. Kinachobishaniwa ni uchapishaji huria, yaani utaratibu unaomwezesha mtu yeyote kusoma matokeo ya utafiti mtandaoni bila malipo, na wanasayansi hawajaafikiana ni nani abebe gharama zake.

Majarida yenyewe ni ya kale, kwani lile la Royal Society ya London lilianza mwaka 1665. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wafanyabiashara, Robert Maxwell na kampuni yake ya Pergamon wakiwa miongoni mwao, walitambua kwamba katika biashara hii mwandishi halipwi, mhakiki kwa kawaida halipwi, na maktaba ya chuo haina budi kununua hata bei ikipanda. Wanafizikia walipata njia yao mwaka 1991, pale Paul Ginsparg wa Los Alamos alipoanzisha hifadhi ya mtandaoni ya rasimu za makala, ambayo baadaye iliitwa arXiv.

Hifadhi hiyo ilimvutia Harold Varmus, mkurugenzi wa NIH na mshindi wa Tuzo ya Nobel, ambaye katika kumbukumbu zake za mwaka 2009 anasimulia jinsi mazungumzo na Patrick Brown wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwishoni mwa mwaka 1998, yalivyombadilisha mawazo. Mei 1999 alipendekeza E-biomed, hazina ya umma ambamo makala zote za tiba na baiolojia zingesomwa bure, nyingine zikiwekwa kabla ya kupitia uhakiki kamili wa wataalamu wenzao. Wachapishaji walikuja juu, na vyama vya wataalamu, ambavyo mapato ya majarida ndiyo yaliyoviweka hai, vikaungana nao. Arnold Relman, aliyewahi kuwa mhariri mkuu wa jarida la tiba la New England, alionya kwamba tafiti za tiba zisizohakikiwa zingeweza kuwadhuru wagonjwa. Mwaka 2000 kilichobaki kilikuwa PubMed Central, hazina iliyotegemea hiari ya wachapishaji.

Varmus, Brown na mwanasayansi mwenzao Michael Eisen hawakukata tamaa. Waliandika barua ya wazi iliyotiwa saini na wanasayansi wapatao 34,000 kutoka nchi 180, wakiapa kuyasusia majarida ambayo yangekataa kufungua makala zake ndani ya miezi sita. Septemba 2001 ilipofika, wengi wa walioapa waliendelea kuyapelekea makala majarida yale yale, na hakuna cha kushangaza hapo, kwani vyeo vyao vilitegemea majina ya majarida hayo. Ndipo watatu hao wakaanzisha jarida lao, PLoS Biology, Oktoba 2003, wakimtoza mwandishi dola 1,500 kwa hoja kwamba kuchapisha ni sehemu ya gharama za utafiti, kama zilivyo kemikali za maabara.

Hoja hiyo ilizaliwa katika maabara zenye ruzuku nono, na makampuni yaliyoupinga uchapishaji huria yaliishika kwa mikono miwili: mwaka 2021 jarida la Nature lilianza kutoza euro 9,500 kwa makala huria. Mwaka 2023 wahariri wote wa NeuroImage, jarida la kampuni ya Elsevier, walijiuzulu kwa sababu ya ada ya dola 3,450.

Mtafiti wa Dar es Salaam, ambaye zamani kikwazo chake kilikuwa kusoma, sasa husoma bila shida na kuomba msamaha wa ada ili naye asomwe, hali isiyomstahili msomi yeyote. Mfano wa SciELO ya Brazili, inayoendesha majarida huria kwa fedha za umma tangu mwaka 1998, hautajwi ipasavyo katika mijadala hii. Wakfu wa Gates nao umeacha kulipia ada hizo tangu mwaka 2025, ukiwataka watafiti wake waweke rasimu mtandaoni kabla ya uhakiki, jambo lile lile ambalo Relman alilikataa.